Padre Angelo Secchi: Mjesuiti Aliyeandika Dhoruba za Jua



 Leo tunaye padre ambaye pengine hujawahi kumsikia akitajwa kanisani. Hajatangazwa mtakatifu, wala hana sikukuu kwenye kalenda ya liturujia. Lakini kama umewahi kubanwa chuoni au kijiweni na mtu anayesema kwamba ukisali sana huwezi kuwa mwanasayansi, au ukisoma sana sayansi utaacha kusali, basi tulia hapa usome mpaka mwisho.

Padre huyo ni Angelo Secchi, Mjesuiti wa Italia aliyeishi kati ya 1818 na 1878. Ila kabla ya kwenda Roma, twende kwanza Canada, kwa sababu huko ndiko dunia ilikokumbushwa kwa uchungu mambo ambayo watu wa kizazi cha Padre Secchi walikuwa wameanza kuyaona.

USIKU AMBAO QUÉBEC ILIZIMIKA

Tarehe 13 Machi 1989, kama saa tisa kasoro robo usiku, gridi ya umeme ya jimbo la Québec ilianza kuyumba. Ndani ya sekunde 92 yote ikawa imeanguka. Watu milioni 6 wakabaki gizani, wengi wao kwa muda wa saa 9, na huko Machi bado ni baridi kali. Hakuna mti uliokuwa umeangukia nguzo. Hakuna mtu aliyekuwa amekata waya. Chanzo kilikuwa jua, lililo umbali wa kilomita milioni 150.

Inakuwaje? Jua halitoi mwanga na joto tu. Mara nyingine hurusha angani wingu kubwa la chembechembe zenye chaji, na wingu hilo likielekea kwetu hulifikia eneo la sumaku linaloizunguka dunia na kulitikisa. Hapo ndipo shida inapoanza. Michael Faraday alishaonyesha mwaka 1831 kwamba sumaku inayobadilika huzaa umeme katika kitu chochote kinachopitisha umeme. Sasa dunia nzima ikitikisika sumaku yake, umeme unazaliwa ardhini, baharini, kwenye reli, kwenye mabomba ya mafuta, na kwenye nyaya ndefu za gridi.

Umeme huo mgeni huingia na kutoka kwenye gridi kupitia waya unaozamishwa ardhini pale kwenye kituo cha kupoza umeme. Umeme wetu wa kawaida hubadili mwelekeo mara nyingi kwa kila sekunde, na transfoma imetengenezwa kwa ajili ya huo. Ule mgeni unabadilika polepole sana, kwa dakika nzima, karibu kama umeme wa betri. Chuma cha ndani ya transfoma kinashiba sumaku upande mmoja. Transfoma inaanza kuvuma, inapata joto, na vifaa vya ulinzi vikihisi mambo si ya kawaida vinajizima kimoja baada ya kingine. Québec ilikuwa na bahati mbaya zaidi kwa sababu imekaa juu ya miamba migumu ya kale isiyopitisha umeme vizuri, kwa hiyo umeme ukaona njia rahisi ni nyaya.

Hayo ndiyo mambo ambayo leo wahandisi wanayakokotoa kwenye kompyuta ili yasijirudie. Na katika hesabu zao kuna mkono wa padre wetu. Tumfahamu basi.

MTOTO WA SEREMALA

Angelo Secchi alizaliwa mwezi Juni 1818 katika mji wa Reggio Emilia, kaskazini mwa Italia. Baba yake, Antonio, alikuwa seremala. Unajua familia nyingine ya seremala, sina haja ya kukukumbusha. Mama yake, Luisa, alikuwa mwanamke makini aliyemfundisha mtoto wake hata kushona na kufuma, kazi ambazo wengi wangesema si za mvulana. Vidole vilivyozoea sindano na uzi baadaye vilikuja kufunga vifaa laini vya kupimia ambavyo kosa dogo tu linaviharibu.

Alisoma shule ya Wajesuiti mjini kwao, na Novemba 1833, akiwa na miaka 15, akaingia unovisi wa Shirika la Yesu huko Roma. Wakubwa wake waliona mapema kwamba ana kipaji cha hisabati na fizikia. Akasoma Chuo cha Roma, yaani Collegio Romano, akatumwa kufundisha fizikia Loreto, kisha akarudi Roma kwa masomo ya teolojia. Mwaka 1847 akapewa Daraja Takatifu ya Upadre.

Hapo ungetegemea maisha yatulie. Wapi!

UHAMISHONI

Mwaka 1848 mapinduzi yalifumuka sehemu nyingi za Ulaya. Roma nayo ikachafuka, na Wajesuiti wakalazimika kuondoka. Padre Secchi, ambaye upadre wake haujafikisha hata mwaka, akajikuta mkimbizi. Alikwenda kwanza Uingereza, katika chuo cha Wajesuiti cha Stonyhurst, halafu akavuka bahari hadi Marekani, chuo cha Georgetown, karibu na Washington. Mwalimu wake, Padre Francesco de Vico, aliyekuwa mkuu wa kituo cha kutazamia nyota cha Chuo cha Roma, alifariki London mwaka huohuo. Fikiria: umefukuzwa, uko nchi ya watu, na aliyekuwa akikuongoza amekufa.

Padre Secchi hakukaa akijisikitikia. Georgetown alifundisha fizikia na akafanya utafiti juu ya namna ya kupima mkondo wa umeme. Kazi hiyo ilichapishwa na Taasisi ya Smithsonian mwaka 1852. Pia alikutana na Matthew Maury, mtaalamu wa jeshi la majini la Marekani aliyekuwa akikusanya taarifa za upepo na mikondo ya bahari kutoka kwenye meli nyingi. Kwa Maury, Secchi aliona faida ya kukusanya namba nyingi, kutoka mahali pengi, kwa utaratibu uleule, siku baada ya siku.

Kwa hiyo kupima umeme na kutunza kumbukumbu alivizoea akiwa uhamishoni. Ukiangalia maisha yake yote, ni vitu hivyo viwili alivyovitumia mpaka kufa.

KUBA AMBALO HALIKUJENGWA

Hali ilipotulia, Padre Secchi aliitwa Roma kushika nafasi ya marehemu mwalimu wake. Alikuwa na miaka 31 tu. Kituo cha zamani kilikuwa kinatikisika kila mara, na darubini haitaki kutikisika.

Sasa sikia jambo la kupendeza. Jirani na chuo kuna kanisa la Mtakatifu Inyasi. Lilipojengwa karne ya 17 lilipangwa liwe na kuba kubwa juu, na nguzo nene zikajengwa za kulibeba. Kuba lenyewe halikujengwa kamwe. Bruda mmoja Mjesuiti, Andrea Pozzo, alichora kuba la uongo kwenye kitambaa kikubwa, ukisimama chini unadhani ni la kweli. Kwa hiyo nguzo zilikaa zaidi ya miaka 150 zikiwa na nguvu ya kubeba mzigo ambao haukuja. Padre Secchi akaliona hilo, na juu ya nguzo hizo akajenga kituo kipya cha kutazamia nyota, mwanzoni mwa miaka ya 1850. Chini watu wanaadhimisha Misa, juu padre anatazama mbingu.

Kutoka juu ya paa lile alifanya mambo ambayo vitabu vya astronomia bado vinayataja. Alichambua mwanga wa nyota zaidi ya 4,000 kwa kuupitisha kwenye prizimu, akazigawa katika makundi kulingana na rangi zake. Alisafiri hadi Hispania mwaka 1860 kupiga picha jua likiwa limepatwa. Alitengeneza mashine inayojiandikia yenyewe joto, mvua, upepo na mgandamizo wa hewa, iliyowashangaza watu kwenye maonyesho ya Paris mwaka 1867. Na mwaka 1865, akiwa kwenye meli ya Papa katika bahari ya Mediterania, alijaribu kisahani cheupe kinachoshushwa majini kwa kamba ili kujua maji ni maangavu kiasi gani. Kisahani hicho mpaka leo kinaitwa kwa jina lake, na watafiti wa Ziwa Victoria wanakitumia. Yaani jina la padre huyu linazama Mwanza na Kisumu bila sisi kujua.

Lakini turudi kwenye umeme.

DHORUBA YA 1859

Mwaka 1858 Padre Secchi alianzisha katika kituo chake sehemu maalumu ya kupima sumaku ya dunia. Kazi yenyewe haina mbwembwe. Kuna sindano za sumaku zilizoning'inizwa, unazisoma kwa saa zilizopangwa, unaandika. Kesho tena. Keshokutwa tena. Siku nyingi hakuna jipya lolote.

Haikupita hata miaka miwili. Mwisho wa Agosti na mwanzo wa Septemba 1859 ikatokea dhoruba kubwa ya sumaku inayokumbukwa mpaka leo. Tarehe 1 Septemba, Mwingereza Richard Carrington alikuwa akichora madoa ya jua akaona mwako mweupe juu yake. Saa zisizozidi 18 baadaye, sindano za sumaku duniani kote zikachanganyikiwa. Mianga ya rangi ambayo kawaida huonekana karibu na ncha za dunia ikaonekana hadi nchi za joto. Nyaya za telegrafu, ile simu ya maandishi ya zamani, zikajaa umeme usiojulikana umetoka wapi. Kati ya Boston na Portland huko Marekani, mafundi walichomoa betri zao na wakaendelea kuwasiliana kwa umeme uleule wa dhoruba peke yake.

Roma nako Padre Secchi alikuwa kwenye vipimo vyake. Sindano zilizokuwa zikisogea kidogo tu kila siku zilihangaika kuliko kawaida. Akaandika alichokiona na kupeleka taarifa kwa wanasayansi wenzake. Kama kituo kingechelewa miaka miwili, Roma isingekuwa na cha kusema.

MIKONDO NDANI YA NYAYA

Baada ya hapo hakuacha. Katika miaka ya 1860 alitumia nyaya za telegrafu kama vipimo. Badala ya kutuma ujumbe, alisikiliza umeme unaotembea wenyewe kati ya ardhi ya upande mmoja na ya upande mwingine, akalinganisha na sindano zake za sumaku. Ule utafiti wa Georgetown juu ya kupima umeme ukapata kazi.

Tuseme ukweli wote, maana wasifu wa kupamba haumsaidii mtu. Padre Secchi hakupatia kila kitu. Alitumia muda mwingi akitafuta uhusiano kati ya misukosuko ya sumaku na hali ya hewa ya kawaida, na wakati umeonyesha kwamba dhoruba kubwa za sumaku hazitoki mawinguni, zinatoka kwenye jua. Chembechembe zenyewe hakuna aliyezijua wakati ule. Lakini hakuficha namba zisizokubaliana na mawazo yake. Aliziandika zote, na ndiyo maana bado zina kazi, hata pale ambapo maelezo yake hayana.

ROMA INABADILIKA MIKONO

Tarehe 20 Septemba 1870 majeshi ya Italia yaliingia Roma, na utawala wa kidunia wa Papa Pio IX ukaisha. Kwa Padre Secchi huo ulikuwa mtihani mgumu. Chuo kikageuzwa shule ya serikali. Serikali mpya ilitaka umaarufu wake na ikampa nafasi ya uprofesa katika Chuo Kikuu cha Roma. Mwishowe aliikataa, akabaki upande wa Papa na wa Shirika lake.

Mwaka 1873 sheria ya kufuta mashirika ya kitawa ikafika Roma, na mali za Wajesuiti zikachukuliwa. Yeye aliachwa aendelee na kituo chake kwa sababu hakuna aliyethubutu mbele ya dunia kumfukuza mtu kama huyo. Lakini alifanya kazi akijua kwamba siku yoyote mlango unaweza kufungwa.

Katika miaka hiyohiyo, tarehe 4 Februari 1872, ilikuja dhoruba nyingine. Mbingu ya Roma iliwaka mianga. Ilionekana pia Bombay huko India na hata Khartoum, Sudan, na telegrafu zikasumbuka tena. Padre Secchi, miaka 53, hana chuo, hana uhakika wa kesho, alikuwa kazini. Aliitazama, akaiandika. Na madoa ya jua alikuwa akiyachora siku ikiruhusu, kama kawaida yake.

Alifariki Roma tarehe 26 Februari 1878, siku 19 tu baada ya Papa Pio IX. Mwaka uliofuata serikali ikakichukua kituo.

DAFTARI LAKE LEO

Sasa tuunganishe na Québec. Wahandisi wa leo wakitaka kujua gridi itapata nini wakati wa dhoruba, wanapiga hesabu kwa hatua tatu. Kwanza, sumaku ya dunia itabadilika kwa kasi gani kwa kila dakika? Pili, ardhi ya mahali hapo ni ya aina gani, maana miamba na udongo havipitishi umeme sawa; hapo wanapata ni volti ngapi zinazaliwa kwa kila kilomita. Tatu, nyaya zina urefu gani, ukinzani gani, na zimezamishwa ardhini wapi.

Chukua mfano rahisi. Dhoruba ikizaa volti 2 kwa kilomita, na njia ya umeme ina kilomita 300, umepata volti 600. Kama ukinzani wa njia nzima ni omu 6, kanuni ya Ohm ya kidato cha pili inakuambia ampea 100 za umeme mgeni. Kidogo machoni, kubwa kwa transfoma. Njia ikiwa ndefu, volti zinaongezeka. Ndiyo maana jambo hili si la Canada peke yake. Afrika Kusini transfoma kadhaa ziliharibika baada ya dhoruba za Oktoba 2003. Sisi tulio karibu na ikweta kwa kawaida tunapata mtikisiko mdogo kuliko wa kaskazini, na kukatika kwa umeme kwetu kuna sababu zake nyingine, sote tunazijua. Lakini njia zetu nazo zinarefuka: Kenya na Tanzania sasa zimeunganishwa kwa njia ya kilovolti 400 kutoka Isinya hadi Singida.

Tatizo la hesabu hizi ni hatua ya kwanza. Dhoruba kubwa kupita kiasi ni chache mno, na satelaiti zimekuwepo kwa miongo michache tu. Dhoruba ya 1859 au ya 1872 ikirudi leo itakuwaje? Hakuna njia ila kufungua madaftari ya zamani. Kwa hiyo watafiti wa karne hii wanaofufua dhoruba ya 1872 wamerudi kwenye michoro ya madoa ya jua ya Padre Secchi. Na mwaka 2006 Marekani iliporusha vyombo viwili vya STEREO kutazama milipuko ya jua inayoelekea duniani, kamera zake zilipewa jina la SECCHI.

TUJIFUNZE NINI?

1. Uaminifu wa kila siku. Siku nyingi Padre Secchi aliandika namba ambazo hazikumwambia kitu. Ni kama rozari yako ya jioni, au zamu yako ya kufagia kanisa. Huoni matunda. Endelea tu.

2. Usipoteze miaka ya uhamisho. Umekosa mkopo? Umehamishwa shule? Umefika mji usiomjua mtu? Padre Secchi alikusanya vifaa vyake vya maisha yote katika kipindi ambacho angeweza kukiita hasara.

3. Tumia nguzo zilizoachwa. Labda mtu mwingine alianza jambo kwenye familia yako au parokiani kwako akashindwa kulimaliza. Nguzo zake bado zinaweza kubeba kitu.

4. Andika ukweli hata usipokufurahisha. Maelezo yako yanaweza kupitwa na wakati. Namba ya kweli haipitwi.

Wiki hii jaribu jambo moja dogo: chagua wajibu mmoja ambao hakuna anayekuona ukiutimiza, na uutimize siku saba mfululizo. Ukiweza, uandike kwenye daftari.

TUSALI

Ee Mungu Baba, uliyeliweka jua mahali pake na kutupa akili ya kulitazama, tunakushukuru kwa maisha ya mtumishi wako Padre Angelo. Uwalinde wahandisi na mafundi wanaokesha ili hospitali na nyumba zetu zisikose mwanga. Utupe sisi vijana moyo wa kudumu katika kazi ndogo, tusikate tamaa tusipoona matunda. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.